Kifungu cha Saba

Minza alikuja mezani akiwa ameoga, amechana nywele, na amevaa gauni lake la Jumapili, ingawa siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Baba yake, Nkwabi, alipomtupia jicho tu akaweka kijiko chini.

"Mama Minza," akamwita mkewe, "njoo ukae. Leo tunaibiwa."

Nyanzobe akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga, huku anacheka, na kicheko chake kikaishia kwenye kikohozi kama ilivyokuwa siku zote. Minza akangoja kikohozi kipite. Kisha akasimama mbele ya kisanduku cha kijivu kilichotundikwa ukutani, akakigonga mara mbili kwa kidole.

"Msuluhishi, amka. Leo nimetimiza miaka kumi na sita. Nafungua mazungumzo."

"Nimeamka," kisanduku kikajibu, kwa sauti tulivu isiyo ya kiume wala ya kike. "Waliopo ni Nkwabi Lubinza, baba, Nyanzobe Masele, mama, Minza Nkwabi, mtoto. Litakalokubaliwa na wote litaandikwa. Endeleeni."

"Kifungu cha kwanza," Minza akasema. "Ukumbi wa muziki, Ijumaa na Jumamosi, mpaka saa nne."

"Saa mbili," akasema Nkwabi.

"Baba! Saa mbili ndiyo kwanza wanafunga spika."

"Vizuri sana. Utawasaidia kuzifunga, halafu urudi."

"Saa tatu na nusu, na nitaosha masufuria mwezi mzima."

"Masufuria unaosha hata sasa."

"Naosha ndani. Nitaosha na chini."

Nyanzobe akapiga meza kwa kiganja. "Mkubalie, Baba Minza, mkubalie! Tangu nimzae sijaziona chini zake zile sufuria."

Wakakubaliana saa tatu na nusu. Kifungu cha pili kilikuwa juu ya nywele. Minza alitaka kuzipaka rangi nyekundu. Nkwabi akauliza nyekundu ya namna gani, akaambiwa kama nyanya. Akauliza nyanya mbivu au nyanya iliyosahauliwa kapuni, na baada ya mvutano mrefu zikaruhusiwa ncha peke yake. Cha tatu kilimhusu Nkwabi mwenyewe: akienda kumchukua binti yake ukumbini, asivae ile kofia yake.

"Kofia ina kosa gani?"

"Ina masikio, baba."

"Ni ya baridi ya handaki!"

"Ina masikio, na yananing'inia."

Nyanzobe alicheka mpaka akalazimika kuinama na kushika ukingo wa meza, na safari hii kikohozi kilimchukua muda mrefu kumwachia. Minza hakuondoa macho mgongoni kwa mama yake. Nkwabi alimwona anavyotazama, ila hakulitilia maanani.

Baba naye akaweka vyake: hesabu saa moja kila jioni, chakula kuliwa mezani na si kitandani, na mtu asimjibu mama yake akiwa amempa mgongo. Minza alipunguza hapa, akaongeza pale, akalalamika kwamba anaonewa. Vikawa vifungu sita.

"Na cha saba ni changu, kidogo tu," akasema, akikusanya sahani kana kwamba mambo yamekwisha. "Ikitokea kazi ya nyumba hii inayomshinda mmoja wenu, mimi nina haki ya kuichukua, na hakuna wa kunizuia."

Nkwabi alifikiri juu ya ndoo za maji na nguo za kufua. Akamgeukia mkewe, uso umemjaa furaha. "Unasikia? Wenzetu wanazaa watoto wanaokimbia kazi, sisi wa kwetu anaziomba. Nimekubali!"

"Mh," Nyanzobe akasema. "Mtoto akiomba kazi, mpekue mifuko." Lakini alikuwa amechoka, na alikuwa anatabasamu. "Haya, nami nimekubali."

"Vifungu saba vimeandikwa," Msuluhishi akasema. "Siku njema."

* * *

Hapakuwa na nyumba katika Mji wa Chini isiyokuwa na kisanduku kama kile. Watu walipoliacha jua na kuhamia kwenye mahandaki, mita mia nne chini ya ardhi ya Kishapu, walioshindwa kutulia walikuwa vijana. Wazazi walifunga milango kwa minyororo, vijana wakatafuta pa kupenya, na kila mwezi waliokotwa Juu, kwenye udongo uliopasuka, wawili wawili, ngozi zimekauka kama za ng'oma. Ndipo Baraza likasema kwamba mtoto aliyetoa neno lake hushika zaidi kuliko mtoto aliyefungwa. Akifika miaka kumi na minne apewe haki ya kupatana na wazazi wake, na kilichopatanwa kiwabane wote sawasawa. Milango, taa na luninga za nyumba zikaunganishwa na Msuluhishi. Baba hawezi kufunga alichokubali kifunguliwe, na mtoto hawezi kufungua alichokubali kifungwe. Mzazi atakayevunja makubaliano, mtoto ataondolewa nyumbani kwake na kulelewa bwenini mpaka atimize miaka kumi na minane.

Tangu siku hiyo vijana waliookotwa Juu wakawa wachache, kisha wakakoma. Nkwabi alikuwa fundi wa visanduku hivyo kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa akisema kwamba vitu vinavyoushikilia mji ule ni viwili, mihimili ya chuma na neno la mtu, na kwamba mihimili inaweza kubadilishwa.

* * *

Alhamisi mchana vipaza sauti vya mahandaki vikasoma majina ya Zamu ya Juu.

Zamu hiyo ilikuwa siku arobaini. Waliotajwa walivaa suti za maji baridi, wakapanda kwa lifti hadi kwenye jua, kusafisha vioo vya umeme na kuziba mabomba yaliyoshusha hewa mjini. Bila wao, watu elfu tisa wangekosa pumzi ndani ya wiki mbili. Kila nyumba ilikuwa na siku yake ya kutajwa, na kwa kila watu kumi wenye afya, wanane walirudi. Nkwabi alikuwa amekwenda mara mbili. Mara ya pili alirudi figo moja imekufa, na lango likaandikishwa jina lake lisimpitishe tena maisha yake yote. Nyanzobe alikuwa na msamaha wa kifua, kwa kuwa alitumia ujana wake kuchimba mahandaki yale yale, na vumbi la mawe lilikuwa halijamtoka. Lakini mwezi uliotangulia dhoruba ya mchanga iliwaua watu ishirini na sita kwenye vioo, na Baraza likatangaza kwamba kifua si sababu tena.

"Nyanzobe Masele," kipaza sauti kikasema. "Jumatatu, saa mbili asubuhi."

Nkwabi alikuwa kwenye ngazi, anafunga waya nyumbani kwa watu. Aliteremka taratibu, akaviacha vyombo vyake sakafuni, akaenda nyumbani bila kuaga.

Alimkuta Minza amefika kabla yake, bado ana mkoba wa shule begani. Nyanzobe alikuwa ameketi, mikono mapajani, kama mgeni.

"Mama haendi," Minza akasema. "Nakwenda mimi."

"Wewe ni mtoto," Nkwabi akamwambia.

"Nina miaka kumi na sita. Sheria inasema zamu ni kazi ya nyumba. Mtu wa nyumba mwenye miaka kumi na sita anaweza kuchukua nafasi ya mwenzake, kama wenye nyumba wamekubali." Akakigeukia kisanduku. "Msuluhishi, soma kifungu cha saba."

Kikasoma. Kilisoma bila haraka, neno kwa neno, pamoja na lile neno la Nkwabi, nimekubali.

Wakati ule ndipo Nkwabi alipoelewa gauni la Jumapili. "Ulijua," akasema.

"Nilisoma tangazo la Baraza siku lilipobandikwa, baba. Nyie hamsomi matangazo. Nikahesabu zamu za mtaa wetu, nikaona inafika hapa kabla mwezi haujaisha."

"Na mambo ya rangi ya nywele? Na kofia?"

"Kofia kweli ina masikio," Minza akasema. "Baba, mimi nina nguvu. Wanane kati ya kumi. Mama akipanda, hiyo hesabu haipo. Wewe unajua kwamba haipo."

Nkwabi alijua. Alimtazama mkewe, kisha binti yake.

Nyanzobe alinyoosha mkono, akamvuta Minza, akamkalisha pembeni yake, akaanza kumfungua mkoba begani kama alivyokuwa akimfanyia alipokuwa darasa la kwanza. "Umenishinda, mwanangu," akasema. "Umenishinda kwa haki. Nenda kanawe, tule."

* * *

Ijumaa asubuhi, Minza alipokwenda shule, Nyanzobe akafunga mlango.

"Nakala zinakwenda ofisini saa ngapi?" akauliza.

Nkwabi alijua anachoulizwa. Kila Ijumaa, saa sita mchana, visanduku vyote vilipeleka makubaliano ya wiki kwenye Ofisi ya Makubaliano, na yakishafika huko hakuna mkono wa kuyagusa. Kabla ya hapo yalikuwa ndani ya kisanduku peke yake, na kisanduku kilikuwa na mfuniko, na mfuniko ulikuwa na funguo, na funguo zilikuwa mkandani kwake.

"Haiwezekani," akasema.

"Hivyo ndivyo ulivyomwambia Kwandu."

Miaka miwili nyuma, jirani yao Kwandu, Mama Shija, aligombana na mwanawe huyo, na katika hasira akamwambia, nimekubali, nenda hata huko Juu ukafe! Shija alikuwa na miaka kumi na saba na kichwa kigumu. Alijibu kwamba naye amekubali. Kisanduku hakijui hasira. Kikaandika. Kwandu alikuja kwa Nkwabi Alhamisi ile, akapiga magoti kwenye sakafu hii hii, na Nkwabi akamwinua kwa heshima na kumwambia kwamba ndani ya kisanduku hamfutiki kitu. Shija hakurudi. Kwandu hakuwahi kumlaumu fundi, maana mtu hamlaumu mwenzake kwa lisilowezekana.

"Nilimdanganya," Nkwabi akasema. "Unajua kwa nini nilimdanganya. Neno moja likifutika, yote yanafutika. Kila baba atakuja na sababu yake, na kila sababu itakuwa nzuri."

"Najua."

"Halafu watoto watajua. Nao watarudi kule kwenye kupenya."

"Yote najua, Baba Minza. Nimeishi na wewe miaka kumi na minane, hotuba hiyo naijua hata usingizini." Akamshika mkono. Vidole vyake vilikuwa vya baridi. "Mimi nakuuliza jambo dogo. Jumatatu asubuhi, ni nani unataka kumwona anaingia kwenye lifti?"

"Simtaki yeyote!"

"Hilo halimo kwenye orodha."

Alikuwa anasema bila kulia, na ndiyo maana Nkwabi alilia yeye. Alimwambia kwamba Minza ana haki. Alimwambia kwamba binti amepiga hesabu kama mtu mzima, na kwamba kumnyang'anya neno lake ni kumwambia yeye si mtu. Alimwambia kwamba atakwenda yeye mwenyewe kwenye lango, awasihi, na wote wawili walijua kwamba lango halisihiwi.

"Kifua hiki kimebakiza miaka miwili," Nyanzobe akasema. "Labda mitatu, nikiipata kwa kuomba. Unataka nimtoe mtoto kwa ajili ya miaka miwili ya kukohoa? Nitaiishi vipi, nimekaa kwenye kiti hiki nasikiliza kipaza sauti kikisoma waliokufa?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

"Atajua," Nkwabi akasema. "Siku moja atajua."

"Akijua, mwambie ni mimi niliyekutuma. Mimi nitakuwa sipo, chuki yake haitanipata. Wewe ndiye unayebaki naye."

Nkwabi alipanda kwenye stuli. Mfuniko ulitoka kwa funguo mbili. Ilimbidi afute kifungu, aunganishe pale palipokatika ili pasionekane pengo, na aweke upya muhuri wa saa. Mikono yake ilifanya kazi vizuri kama siku zote. Alipomaliza na kurudisha mfuniko, Msuluhishi akasema kwa sauti ile ile tulivu, "Nimeamka. Vifungu sita."

* * *

Jumatatu walikwenda langoni watatu. Minza alibeba begi lake mwenyewe, amefunga nywele kwa kitambaa. Rangi hakuwa amepaka. Wazazi wake walimwacha atangulie.

Mlinzi wa lango aliuliza jina, Minza akalitaja, na akaeleza kwamba anachukua nafasi ya mama yake kwa kifungu cha saba cha makubaliano ya Jumanne. Alisema vizuri, kwa sauti iliyonyooka. Watu kumi na wawili waliokuwa kwenye mstari wakageuka kumtazama, na mama mmoja akatikisa kichwa kwa huzuni na fahari.

Mlinzi akabonyeza, akasoma, akabonyeza tena. "Binti, makubaliano yako ya Jumanne yana vifungu sita."

"Saba."

"Sita. Cha mwisho kinasema usimjibu mama yako ukiwa umempa mgongo."

Mtu fulani kwenye mstari akacheka kidogo, kisha akaacha.

Minza aligeuka. Hakumtazama mama yake. Alimtazama baba yake, mtu aliyemfundisha akiwa na miaka minne kwamba kisanduku hakisemi uongo. "Baba," akasema. "Waambie. Ulikuwepo. Ulifurahi. Ulisema wenzetu wanazaa watoto wanaokimbia kazi. Waambie, baba."

Nkwabi alisikia sauti yake ikitoka.

"Sikumbuki kifungu hicho," akasema.

Macho ya Minza yakamwacha baba yake taratibu, yakashuka mpaka mkandani, kwenye funguo. Nyanzobe akamchukulia begi begani, akambusu kwenye paji la uso, akamshika mashavu kwa mikono miwili na kumwambia maneno ambayo Nkwabi hakuyasikia. Kisha akapita langoni, akikohoa, na mlango wa lifti ukajifunga.

Alikufa siku ya kumi na saba. Kipaza sauti kilisoma jina lake, likiwa la tatu katika majina manne, saa tano asubuhi.

* * *

Baada ya matanga, nyumba ikawa na utii wa kutisha.

"Minza, njoo ule," Nkwabi alisema, na Minza alikuja. "Kalale," alisema, na akalala. Alimwambia anaweza kwenda ukumbini mpaka saa nne, hata saa tano akitaka. Akajibu, "Ndiyo, baba," asiende. Alimnunulia rangi ya nywele, akaiweka mezani. Minza akashukuru, akaiweka kabatini. Hakulalamika. Hakuomba kitu. Kila alichoambiwa alikifanya, na masufuria yakang'aa ndani na chini. Siku moja Nkwabi, kwa kukata tamaa, alimwambia asome hesabu saa nne mfululizo, akitumaini atapinga walau saa mbili. Minza akafungua daftari, akasoma saa nne.

Ilikuwa wiki ya sita ndipo alipouliza. Walikuwa wanakula mchana, ugali na dagaa.

"Mama alijua?"

Nkwabi hakujifanya haelewi. Maneno aliyoachiwa yalikuwa tayari ulimini, tena yalikuwa ya kweli. Mama yako ndiye aliyenituma. Angeweza kuyasema na kunyamaza hapo, na pengine jioni ile binti yake angelilia begani kwake.

"Alijua," akasema. "Aliniomba. Lakini usimlaumu yeye. Mama yako hakuwa na funguo. Ningeweza kukataa, kama nilivyomkatalia mtu mwingine."

Akamweleza habari ya Kwandu, yote. Minza alisikiliza, akiuviringisha ugali vidoleni mpaka ukakauka.

"Nilifanya hesabu," akasema mwishowe. "Wiki tatu nzima, baba. Niliogopa mpaka nikawa natapika shuleni, lakini niliifanya. Mkaichukua kama mnavyomnyang'anya mtoto kisu."

"Ndiyo."

"Na ukasema hukumbuki. Mbele za watu."

"Ndiyo."

"Sijui kama ningerudi. Pengine ningekufa. Najua mlitaka niishi." Alikuwa analia sasa, lakini hakuyafuta machozi. "Ila kila nikisema neno humu ndani, naona ni la mchezo. Ndiyo maana sisemi. Nataka uende ofisini ukaeleze ulichofanya."

"Nikienda watakuondoa hapa."

"Najua."

"Mwanangu, nimebaki na wewe tu. Ningoje hata miezi mitatu. Uzoee kwanza."

"Hapana."

"Mwezi mmoja."

"Baba," Minza akasema, kwa upole ambao Nkwabi alikuwa hajausikia kwa wiki sita, "hili halina kupunguziana."

* * *

Karani wa Ofisi ya Makubaliano alikuwa Kwandu. Nkwabi alijua hivyo alipotoka nyumbani, akajua njia nzima, na mara mbili alisimama handakini akashika ukuta. Alimkuta dirishani, miwani puani, anapanga karatasi.

"Karibu, Baba Minza. Pole na msiba. Nilitaka kuja tena, kazi tu."

"Nimekuja kuandikisha kosa, Mama Shija."

Alimweleza akiwa amesimama. Kwandu aliandika mistari mitatu ya mwanzo, halafu kalamu ikasimama. Nkwabi aliendelea mpaka mwisho, kwa sababu alijua akikatisha hataweza kuanza tena. Alitaja siku, alitaja saa. Akataja pia Alhamisi ile ya miaka miwili nyuma, na kwamba siku ile angeweza.

Kwandu alivua miwani. Aliiweka juu ya karatasi, akainyoosha ikae sawa.

"Ilikuchukua muda gani?" akauliza.

"Nini?"

"Kufuta. Muda gani?"

Nkwabi alitamani kusema siku nzima. "Dakika nne."

Kwandu alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayetajiwa bei ya kitu alichokwisha kukinunua. Akaamka, akaingia chumba cha nyuma. Nkwabi alisikia sauti iliyofanana na ya mtu anayevuta kitu kizito, tena na tena, na akaelewa kwamba ni pumzi. Alisimama pale dirishani. Hakuna aliyemzuia kuondoka, na hakuondoka.

Kwandu aliporudi uso wake ulikuwa umeoshwa. Akavaa miwani, akamaliza kuandika, akamgeuzia karatasi.

"Kidole hapa," akasema. "Na hapa."

Nkwabi akaweka kidole. Akafungua mkanda, akatoa funguo, akaziweka dirishani.

"Mama Shija," akaanza.

"Usiniombe radhi leo," Kwandu akasema. "Nenda. Usiniombe chochote leo."

* * *

Walikuja kumchukua Minza Jumatano, saa nne asubuhi: mlezi wa bweni, mwanamke mnene mwenye daftari kwapani, na mtumishi wa Baraza aliyevuta mkokoteni wa mizigo. Baraza lilikuwa limekwisha kutoa uamuzi. Nkwabi hatakuwa fundi tena popote. Atasafisha mitaro ya handaki la kusini. Visanduku vyote vya mji vitafunguliwa na kukaguliwa, na tayari watu walikuwa wanasimama vikundi vikundi mitaani, wazazi upande mmoja na vijana upande mwingine, wanatazamana.

Mzigo wa Minza haukujaza hata nusu ya mkokoteni. Nkwabi aliubeba mwenyewe kutoka ndani, nguo, daftari, kanga mbili za mama yake. Alimwambia bweni lina baridi, ajifunike vizuri. Minza akasema atajifunika.

Mlezi alifungua daftari lake hapo hapo mlangoni. "Mtoto aliyeondolewa hutembelewa na watu aliowataja mwenyewe," akasoma, kwa namna ya mtu aliyeyasoma maneno hayo mara nyingi. "Asiyetajwa haruhusiwi kuingia mpaka miaka kumi na minane itimie. Niandike nani?"

Minza alitazama chini. Nkwabi akatazama ukuta wa upande wa pili wa handaki, pale maji yalipokuwa yanachuruzika polepole kwenye jiwe, ili binti yake asiuone uso wake na kuusoma kama ombi. Alingoja. Mkokoteni uliguna kidogo. Aliyeushika alikuwa amechoka kusimama.

"Hakuna?" mlezi akauliza, akiteremsha kalamu.

"Andika Nkwabi Lubinza," Minza akasema.

"Ni nani kwako?"

"Baba yangu," akasema, akashika mpini wa mkokoteni, akaanza kuuvuta mwenyewe.